Uwanja Usiohitaji Mtu

Nikiri mwenyewe kabla majirani hawajakiri kwa niaba yangu: mimi ni mvivu. Siyo uvivu wa kulala mchana kutwa, huo mtu yeyote anauweza. Wangu ni ule wa kukaa mezani saa nne nzima na penseli za rangi, nikichora mpango wa kukwepa kazi ya nusu saa. Nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Kamembe, kando ya ziwa Kivu. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi habari za mmomonyoko wa udongo, matuta na mifereji, na nikimaliza nafuta ubao nikiwa nimechoka kana kwamba mifereji yenyewe nimeichimba mimi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unapotoka kwa umuganda kuzibua mitaro na kulima kando ya barabara, jembe langu ndilo linalorudi nyumbani safi kuliko yote. Jirani yangu wa upande wa chini, mzee aliyestaafu kazi ya saruji huko Bugarama, huliita jembe la mahari. Kwetu jembe la mahari hupelekwa ukweni likiwa jipya, halijagusa udongo, na yeye hudai langu bado linangoja bibi harusi.

Nyumba yetu imekaa kwenye mteremko unaotazama ziwa. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua kama thelathini, na miaka yote hizo hatua thelathini zilikuwa udongo mwekundu mtupu, mti mmoja wa avoka katikati, na ua wa minyaa pande zote. Watoto wetu wako shule za bweni. Mke wangu, mzaliwa wa Bukavu, huvuka mpaka kila siku na nyanya na karoti za kuuza kwao, na hurudi saa kumi jioni. Kwa hiyo uwanja ule ulikuwa mikononi mwa mama yangu.

Nilimleta kutoka kijijini kwetu Nkanka baada ya baba kufariki. Alikuja na begi moja la bluu, kigoda chake, na fagio mbili za vijiti alizokataa kuziacha, kana kwamba Kamembe haina fagio. Nyumba yake ya Nkanka ilikuwa inavuja, na tayari alikuwa ameshateleza mara moja akaanguka peke yake jikoni, akakaa chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Nilimwambia sasa utakaa kwangu, Mama, utapumzika. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikasikia shwaa, shwaa, shwaa, chini ya dirisha la chumba changu. Mama alikuwa anapumzika kwa namna yake.

Alifagia hivyo kila siku kwa miaka mitatu, Pasaka na Krismasi zikiwemo. Alianzia mlangoni akamalizia getini, kinyumenyume, na mbele yake udongo ulibaki na mistari iliyolala pamoja. Nikitoka saa moja na nusu na mkoba wangu wa madaftari, nilikuwa naikanyaga mistari ile bila kuitazama, nikilalamika moyoni juu ya usingizi wangu uliokatwa.

Siku moja mwalimu mwenzangu alipita mapema kunichukua twende semina. Alimkuta mama ameinama na ufagio, na mimi ndani nakoroma. Aliniamsha kwa kugonga kioo. "Mwalimu," akasema, "maman anafanya kazi, weye unalala? Hausikii haya?" Alisema kwa kucheka, na semina nzima akawasimulia wengine kwa kucheka. Nilisikia haya kweli. Mtu mwingine angeamua kuamka mapema. Mimi niliamua kubadilisha uwanja.

Jioni zilizofuata nilizitumia kwenye simu, nikitazama picha za nyumba za mbali zenye viwanja visivyotaka kazi. Kokoto nyeupe, mawe bapa ya kukanyaga, mimea minene yenye miiba ambayo, waliandika, inaweza kukaa miezi bila maji. Hakuna nyasi za kukata, hakuna vumbi, hakuna ufagio. Nilichukua karatasi kubwa, nikachora uwanja wetu kwa vipimo, nikapaka rangi, nikaweka mshale wa kaskazini, na juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: UWANJA USIOHITAJI MTU. Nilijiona mbunifu. Nilimwonyesha mke wangu, naye akaitazama karatasi kwa muda mrefu huku anachambua mchele.

"Hii mimea," akasema, "ni ile isiyotaka mayi?"

"Ndiyo. Hata tone."

"Papa batoto, huku kwetu mayi ilipunguka lini?"

Huku mvua inanyesha mpaka mtu anasahau rangi ya mlima wa jirani, na mimi mwalimu wa jiografia nilikuwa naleta mimea ya jangwani. Lakini karatasi ilikuwa imeshapakwa rangi.

Kazi ilifanyika likizo ya kiangazi. Fundi alitandika plastiki nyeusi kutoka ua hadi ua ili magugu yasiote, lori likamwaga kokoto, zikasawazishwa. Mama alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, ameshika ufagio magotini, akitazama udongo wake unavyofunikwa.

"Na miye nitafagia wapi?" akauliza.

"Hutafagia tena, Mama. Ni kwa ajili yako nafanya hii yote. Upumzike."

"Nani alikuambia nimechoka?"

Nilicheka, nikamwambia atazoea. Natamani niseme nilikuwa namfikiria yeye. Nilikuwa nafikiria kitanda changu.

Wiki mbili za kwanza nililala kama mfalme. Kisha avoka ikaanza kudondosha majani. Mtu ambaye hajawahi kuweka kokoto chini ya mti wa avoka hajui kwamba jani lililoanguka juu ya kokoto halifagiliki. Ukipitisha ufagio, jani linabaki na kokoto ndizo zinaondoka. Nikirudi kutoka shule namkuta mama amechuchumaa katikati ya uwanja wangu wa kisasa, anaokota jani moja moja na kuliweka kwenye beseni, na watu wanaopita njiani wanasimama kumsalimia kwa sauti za kumhurumia. Nilimkataza. Nikaanza kuyaokota mwenyewe, Jumamosi, nikiwa nimevaa kofia ili nisitambulike.

Mvua zilipoanza, kokoto zikafanya kile ambacho kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba vitu hufanya kwenye mteremko. Zilishuka. Kila baada ya mvua kubwa nilizikuta zimekusanyika getini kama wanafunzi waliochelewa, na geti halifunguki. Nikanunua reki nikawa nazipandisha. Magugu yaliyozuiwa na plastiki yalipata udongo uliosombwa na mvua, yakaota juu ya plastiki, katikati ya kokoto, mahali ambapo jembe haliingii, ikabidi kuyang'oa kwa vidole. Ile mimea ya jangwani ilivimba, ikalainika, ikaoza. Katika miezi ile mitatu nilifanya kazi ya uwanjani nyingi kuliko miaka kumi iliyotangulia, na kila nilipoinuka kunyoosha mgongo nilimwona jirani yangu wa chini ameegemea ua wake, anatabasamu kistaarabu.

Lakini hayo ya kuchekesha yalikuwa yangu. Ya mama hayakuchekesha. Alianza kuamka saa mbili. Alikaa kwenye kigoda, akahamia kwenye kiti cha sebuleni, kisha akawa anabaki chumbani. Sahani yake ilirudi jikoni na chakula nusu. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Mke wangu akaniambia, huku ananawa mikono, kwamba mama amepungua, na kwamba nisingoje daktari aniambie sababu. Nilijifanya sikusikia vizuri.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba nikasikia shwaa, shwaa. Nilitabasamu usingizini kabla ya kukumbuka kwamba hatuna cha kufagia. Nikatoka na nguo za kulalia, nikafuata sauti hadi kwenye ua wa minyaa, nikachungulia. Mama yangu alikuwa anafagia uwanja wa jirani. Alikuwa ameshafika nusu, kinyumenyume, mistari imelala pamoja mbele yake, na mke wa jirani amesimama mlangoni, mikono haijui pa kukaa.

Jioni mke wa jirani alikuja kwangu. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, unisamehe. Ni siku ya nne sasa, maman anakuya kutufagilia. Siwezi kumukataza, ni muzazi. Lakini bantu ba ku njia banauliza." Akashusha sauti. "Banauliza kama mulimufukuza."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi getini, na kwa sababu ya kokoto ilibidi tulivute geti wote wawili. Nikarudi kwa mama chumbani nikiwa na hasira, ile hasira ya mtu anayejua kosa ni lake. Nikakuta lile begi la bluu liko kitandani, limefungwa.

"Lundi nitaenda kwangu ku Nkanka," akasema, akiitaja Jumatatu kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya soko. "Si kwa hasira, mwanangu. Hapa sina kazi. Naikala kama mugeni."

Niliogopa. Sitafuti neno jingine. Nilimwona ameketi kwenye sakafu ya jikoni kule, anangoja mtu aje kuomba chumvi. Nikasema mambo mengi kwa pamoja, kwamba nyumba inavuja, kwamba hakuna mtu kule, kwamba kama ni kufagia tu nitamtafutia mahali nyuma ya jikoni afagie uchafu wote anaoutaka.

"Uchafu?" Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeandika kwamba ziwa Kivu liko Ulaya. "Weye unafikiri nafagia sababu ya uchafu?"

Ndipo akanieleza, taratibu, kwa sababu alishaona mwanawe aliyesoma ni mgumu kuelewa. Baba alikuwa mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani. Alitoka jioni na kurudi asubuhi. "Mbele ya yeye kutoka, nafagia. Anapita, nyayo zake zinabaki. Sifagii tena mpaka arudi. Asubuhi naona za kwenda, naona za kurudi, moyo unaikala, unatulia. Siku ingine mupepo iko mukali, naangalia zile za kwenda tu, nasema, bado, bado." Akanyoosha kidole upande wa geti. "Sasa muke wako anavuka kila siku. Miye nafagia mbele atoke. Nani mwingine hapa anamungojea?"

"Lakini eko na simu, Mama."

"Simu inazimika."

Nilikumbuka kitu ambacho sikuwa nimekikumbuka kwa miaka arobaini. Nikiwa mdogo kule Nkanka, kukatiza uwanja asubuhi kabla baba hajapanda kutoka ziwani kulikuwa kosa la kuchapwa. Tulizunguka nyuma ya nyumba, tukipita kwenye migomba yenye umande. Maisha yangu yote nimewasimulia watu habari hiyo kama kielelezo cha mama anayependa usafi kupita kiasi. Nimeisimulia hata darasani.

"Na zangu?" nikamuuliza. "Zangu pia ulikuwa unaziangalia?"

"Zako za Samedi, zinaenda muzuri," akasema, akizijua Jumamosi zangu za baa. "Zinarudi zikipitia kwa avoka."

Jumamosi ile sikungoja umuganda. Nilitoa jembe la mahari, nikaanza mlangoni. Sikuweza kufukua uwanja mzima. Nilikata njia moja tu, pana hatua tatu, kutoka mlangoni hadi getini. Kokoto nilizichota kwa sepetu na kuzirundika chini ya michirizi ya paa, pale maji yanapodondoka, na kwa kweli pale ndipo zilipopaswa kukaa tangu mwanzo. Plastiki niliichana kwa kisu cha jikoni. Saa nne nilikuwa na malengelenge, saa tano yalikuwa yamepasuka. Jirani alitokea juu ya ua.

"Mwalimu! Bibi harusi amepatikana?"

Nilimwambia mahari imekubaliwa. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akazunguka akaja na toroli yake, na tukasomba pamoja mpaka getini. Udongo chini ya plastiki ulikuwa umepauka, una harufu ya kisima, nikaulima, nikaukanyaga, nikaulowesha. Mama hakutoka kutazama. Alikaa ndani ametupa mgongo, na begi la bluu likahamia kutoka kitandani hadi karibu na mlango. Jumapili alienda misa na kurudi, akipita pembeni mwa ile njia.

Jumatatu nikasikia shwaa, shwaa.

Nilitoka. Ilikuwa saa kumi na moja, siku ya kwanza ya likizo ya Desemba, watoto bado hawajafika kutoka bweni, na sikuwa na sababu yoyote ya kuwa macho. Mvua ilikuwa imetuachia siku mbili. Mama alikuwa anamalizia karibu na geti, na njia yangu iliyopinda, maana hata kamba sikuitumia, ilikuwa na mistari yake. Mke wangu alisimama mlangoni na kikapu kichwani, akatazama chini, akaelewa kabla yangu kama kawaida yake. Alivua sandali zake za plastiki, akapita peku hadi getini, akazivaa nje.

Mama alirudi akipita juu ya kokoto, akaweka ufagio, akachukua kigoda, akakaa mlangoni na begi lake kando.

"Nitangoja arudi," akasema. "Akisharudi, ndiyo nitaenda."

Siku ile nilijipa kazi ya kusahihisha mitihani kwenye meza ya dirishani. Mke wangu hurudi saa kumi. Saa kumi ilifika, nikasahihisha. Saa kumi na nusu nikampigia simu, haikupatikana. Nikamwambia mama ni mtandao tu, kule mpakani mtandao ni mbaya. Mama alisema "Mm," akiendelea kutazama njia. Saa kumi na moja nikatoka kidogo kunyoosha miguu. Nikampigia tena. Nikasahihisha karatasi moja mara mbili, mara ya kwanza nikampa mtoto sita, mara ya pili kumi na mbili. Nikatoka tena. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kisiwa cha Nkombo, na nikawa namwomba Mungu asilete mvua, bila kujua vizuri namwombea nani, mke wangu au udongo.

Saa kumi na mbili geti lilisukumwa. Aliingia amechoka, kikapu kitupu mkononi, akisema foleni ya mpakani ilikuwa ndefu na betri ya simu ilikufa tangu adhuhuri. Alivua sandali palepale getini. Nilimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sisi hatukuwa na wasiwasi, tulijua tu ni mtandao.

Mama aliinuka. Alianza kutembea kando ya njia, ameinama, kidole kinaonyesha chini.

"Hizi za asubuhi," akasema. "Za peku. Za kwenda." Kisha akasimama. "Na hizi?"

Udongo ulikuwa umejaa nyayo za viatu, kutoka mlangoni hadi getini, kutoka getini hadi mlangoni, za mguu wa kushoto zikielekea nje kama zangu zinavyofanya tangu utoto. Pembeni tu, kwenye ukingo, ndipo palipobaki udongo safi. Mama alizihesabu kwa sauti, moya, mbili, tatu, bila haraka, na sisi wawili tukasimama tukisikiliza kama watoto mbele ya mwalimu mkuu.

"Mara kumi na moya," akasema. "Na uliniambia eko na simu."

Mke wangu alinitazama. Tumeoana miaka ishirini na miwili, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomwambia neno lolote lenye thamani ya hatua moja kati ya zile. Uso ulinichoma.

"Nilikuwa natafuta kuku," nikasema.

"Hatuna kuku," akasema mke wangu.

Mama alirudi mlangoni. Aliniwekea ufagio mkononi, akasema kesho nifagie mimi maana mgongo unamuuma, na nianze mlangoni, siyo getini kama mjinga. Kisha akalichukua begi lake, akaingia nalo chumbani, na tukasikia zipu inafunguliwa.

Mke wangu alikuwa bado amesimama pale getini, anatazama chini. Halafu akaanza kuja, polepole, peku, kwenye ule ukingo wa udongo safi, akiangalia anapoweka mguu, asikanyage hata unyayo wangu mmoja.